Milango Miwili ya Programu Moja: Yaliyotupata Masako



Kila tunapokutana kwenye kilio au kwenye ndoa, mmoja wenu ananivuta pembeni: "Yaya, ile mambo ya panya za Masako iliishaka namna gani?" Watu wa promosheni yetu wanajua nusu ya kwanza, ile ya kelele. Nusu ya pili wengi hawakuisikia, juu mimi mwenyewe nilikawia kuisema. Leo naiandika yote, pamoja na historia yake, maana jambo lililotupata mwaka 2012 mizizi yake ni ya zamani, iko mbali na Kisangani, na mpaka leo linawapata watu wenye kompyuta mpya kabisa.

Kwanza Masako yenyewe, kwa wale ambao hawakusoma sayansi. Ni pori lililo kilomita kama 15 kutoka mjini, kwa barabara ya zamani ya Buta, upande wa Lubuya-Bera. Mto Tshopo unapinda na kulizunguka. Serikali ya Wabelgiji ililitangaza kuwa hifadhi kwa amri ya tarehe 12 Novemba 1953, eneo la hekta 2105. Ndani yake mna pori la asili lenye miti mikubwa ya Gilbertiodendron, mna pori lililoota upya, na mna mashamba yaliyoachwa yapumzike. Kwa kutembea siku moja tu unaona hatua zote tatu, na ndiyo sababu wanafunzi wa biolojia wa UNIKIS wamefanya mémoire zao kule kwa miaka mingi.

Mwaka ule wa 1953 ulikuwa wakati wa vibali. Wazee wetu wanakumbuka. Tangu 1948 kulikuwa na kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaja ile ya immatriculation, kwa Wakongomani walioonekana "wameendelea". Patrice Lumumba, akiwa karani wa posta hapa mjini kwetu, wakati ule Stanleyville, aliipata ya pili mwaka 1954. Fikiria kidogo: mtu ni yule yule, akili ni ile ile, sauti ni ile ile. Lakini aliyekuwa na karatasi alipita mlango huu, na asiyekuwa nayo alipita mlango ule. Shikeni mfano huo, tutaurudia.

Chuo chetu nacho kilipita milango mingi. Kilianza mwaka 1963 kama chuo kikuu huru cha Waprotestanti. Mwaka 1971 kikaingizwa ndani ya UNAZA pamoja na Kinshasa na Lubumbashi. Mwaka 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Kisangani, kwa jina tunalolijua. Kilipita katika vita, pamoja na ile ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu. Hata hivyo watu waliendelea kwenda porini na daftari. Mwaka 2010 ndipo msafara wa Boyekoli Ebale Congo ulipoondoka hapa kwetu na mashua, wataalamu wa Kongo na wa ng'ambo pamoja, kusoma viumbe vya mto. Sisi tuliokuwa wanafunzi wakati ule tuliamini kwamba wakati wetu umefika.

Hivyo mwaka 2012 mimi nilikuwa Masako kwa mitego ya panya. Si kazi ya mchezo. Jioni unapanga mitego kwenye mstari, hatua kwa hatua, unaweka nyama ya ngazi kama chambo. Asubuhi unapita tena: mtego gani umeshika, panya wa aina gani, Praomys au Hylomyscus, dume au jike, uzito gramu ngapi, mkia milimita ngapi. Yote yanaandikwa kwa kreyo kwenye fomu, maana wino unaoga mvua na kutoweka.

Tulikuwa na mistari miwili. Mmoja nilisimamia mimi. Mwingine, ule wa mbali ndani ya pori la asili, ulisimamiwa na mzee mmoja wa kijijini. Sitaandika jina lake. Tulimwita Papa, basi. Alijua pori lile kabla sisi hatujazaliwa. Kila usiku aliolala kule alipiga mstari mmoja kwenye kadaftari ka shule alikokafunga ndani ya nailoni. Hakuwa anaandika herufi. Alikuwa anaandika mistari tu.

Fomu zilipelekwa mjini, kwenye ofisi moja iliyokuwa inatusaidia kulipa viongozi wa porini. Jina la ofisi naliacha. Pale kulikuwa na kompyuta moja na programu moja ya zamani ya kuhifadhi data, ya wakati wa Windows XP, iliyokuwa sasa inatumika kwenye Windows 7. Mimi nilikuwa naingiza fomu zangu mchana. Leki wetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa chini, alikuwa anaingiza fomu za Papa jioni, mara tatu kwa juma, umeme ukiwepo. Wote wawili tulitumia akaunti moja ya ofisi, kompyuta ile ile, programu ile ile.

Mwisho wa kazi fomu zote zilifungwa ndani ya karton pamoja na sampuli, zikapelekwa Kinshasa. Mimi nikafungua programu, nikachapisha ripoti. Mstari wangu: kila kitu kipo. Mstari wa Papa: sifuri. Si pungufu. Sifuri.

Ofisi ililipa kwa kufuata ripoti. Sifuri usiku, sifuri franga.

Leki akaitwa. "Jioni zote zile ulikuwa unafanya nini mu ofisi?" Akasema aliingiza kila kitu. Akaulizwa, basi iko wapi? Akasema iko ndani. Mkubwa wa ofisi akanigeukia mimi: "Wewe unaona kitu?" Nikaangalia tena, nikajibu kweli kama nilivyoiona: hakuna. Neno langu hilo moja lilimmaliza kijana. Akaambiwa asiguse tena mashini. Wengine wakaongeza kwamba pengine alikuwa anakuja kuchezea mapicha na kuchaji simu.

Papa alifika kwa kinga, kilomita zile zote, na kadaftari kake. Akakaa kwenye kiti cha nje. Akahesabu mistari mbele yangu, kidole kwa kidole: 41.

"Mwana," akaniambia, "mi sijuaka mambo ya mashini. Lakini usiku huu wote, nani njo alikuwa analala mu pori? Ni mashini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudi baada ya juma moja.

Hapa lazima nisimamishe hadithi, niwape historia niliyokuja kuisoma baadaye, maana bila hiyo hamtaelewa kosa lilikuwa wapi.

Kompyuta za kwanza zilikuwa za mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayeingia chumbani ndiye bwana. Mwaka 1961, kule MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia mashini moja pamoja, kila mmoja kwenye kiti chake. Uliitwa CTSS. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: nani aruhusiwe kugusa nini? Wakaweka neno la siri kwa kila mtu. Lakini hata wao waliumia. Katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa wanahariri kwa wakati mmoja, mmoja tangazo la siku, mwingine faili la maneno ya siri. Programu ya kuhariria ilitumia jina lile lile kwa faili la muda la kila mmoja wao, na wote wawili walikuwa ndani ya dosie moja. Mafaili yakabadilishana. Kila aliyeingia siku ile, badala ya kuona tangazo, aliona maneno ya siri ya watu wote. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Ni watu wawili wenye haki kubwa, na jina moja la faili.

Ikafuata Unix, kuanzia mwaka 1969. Ndani yake kuna mtumiaji mmoja mkuu, anayeweza yote, na wengine wote wenye haki za kawaida. Lakini kuna kazi ndogo ambazo mtu wa kawaida anazihitaji nazo zinagusa vitu vya mkuu, kwa mfano kubadilisha neno lake mwenyewe la siri. Utafanyaje? Umpe ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu ya kitasa kimoja? Dennis Ritchie alibuni alama ndogo inayowekwa juu ya programu yenyewe: yeyote anayeiendesha, programu ile inafanya kazi kwa haki za mwenye nayo, kisha haki zinaisha programu ikifungwa. Yaani haki zikahama kutoka kwa mtu, zikaenda kwenye mlango. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo wataalamu wanaifuata mpaka leo: kila programu na kila mtu apewe haki zile tu anazohitaji kwa kazi yake, zisizidi.

Kwenye kompyuta za nyumbani mambo yalikwenda njia ingine. Windows 95 na 98 zilimwacha kila anayewasha mashini kuwa bwana. XP ya mwaka 2001 ilikuwa na akaunti za aina mbili, lakini watu wengi walibaki kwenye ile ya msimamizi. Waandishi wa programu wakazoea. Programu iliweka data zake popote, hata ndani ya dosie ya Program Files, ambayo ni kama ghala la programu zenyewe. Kwa nini wasiweke? Hakuna aliyewazuia.

Mwaka 2007 ikaja Vista, na mwaka 2009 Windows 7. Sasa sheria ikabadilika. Hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, unafanya kazi kwa haki za kawaida, mpaka programu iombe zaidi na wewe ukubali. Ndiyo ile skrini inayoingia giza kidogo na kuuliza kama unaruhusu. Na ghala likafungwa: mwenye haki za kawaida haandiki ndani ya Program Files.

Lakini zile programu za zamani zilizozoea kuandika pale, zingekufa zote? Wakazitafutia njia ya huruma. Programu ya zamani ikijaribu kuandika ghalani bila haki, mfumo hauikatalii. Unachukua nakala ya faili, unaiweka kimya kimya kwenye dosie nyingine ndani ya akaunti ya mtumiaji, inaitwa VirtualStore, na programu inaandika kwenye nakala ile. Tangu hapo programu ikitafuta faili lake, inapewa ile nakala kwanza. Yenyewe inaamini iko ghalani. Ila ukiifungua programu ile ile kwa haki za msimamizi, huruma hiyo haipo: inakwenda moja kwa moja kwenye faili la ghalani.

Mmekwisha kuona tunakoelekea?

Siku ya tatu baada ya Papa kuondoka, nilikwenda kumtafuta leki kwake. Nilimkuta amenuna, na ni haki yake. Nikamwomba aje ofisini jioni, wakubwa wakiwa wameondoka, anionyeshe tu alivyokuwa anafanya. Akasema, "Yaya, walinikatazaka." Nikamwambia nitabeba mimi.

Akaketi. Hakugusa ikoni iliyokuwa kwenye skrini ya mbele. Akaenda kwenye menyu ya chini kushoto, akaitafuta programu pale, akaibonyeza. Ikafunguka. Akafungua mstari wa Papa. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, panya kwa panya, gramu kwa gramu. Zote zipo.

Nikamwambia afunge. Nikabonyeza mimi ikoni yangu ya mbele. Skrini ikaingia giza kidogo, ikaniuliza, nikakubali. Mstari wa Papa: sifuri.

Leki akaniangalia. "Yaya, kwa nini yako inaulizaka na yangu hapana?"

Swali hilo ndilo lililofungua kila kitu, na aliyeliuliza ni yule tuliyemkataza kugusa mashini.

Maana nilikumbuka. Mwanzoni kabisa, kabla ya kuingiza hata panya mmoja, programu ilikuwa inakataa kutoa faili la ripoti. Rafiki mmoja alinishauri: bofya kulia juu ya njia ya mkato, ingia kwenye sifa zake, bonyeza sehemu ya mambo ya ziada, weka alama kwenye «Exécuter en tant qu'administrateur». Nikaweka. Ikatii. Nikafurahi, nikasahau. Sikujua kwamba alama ile inakaa kwenye njia ya mkato yenyewe, haiko kwenye programu. Njia ya mkato iliyokuwa kwenye menyu haikuwa nayo. Mimi niliingia kila siku kwa mlango wa msimamizi, nikaandika kwenye faili la ghalani. Leki aliingia kwa mlango wa kawaida. Jioni yake ya kwanza mfumo ulichukua nakala, pamoja na kazi yangu ya mpaka siku ile, ndiyo maana yeye hakushtuka, alinikuta ndani. Kuanzia pale vikawa vitabu viwili. Changu hakikumwona yeye, chake hakikuniona mimi. Wala sikuwahi kufungua mstari wa Papa hata siku moja, mpaka siku ya ripoti.

Tulitafuta kitabu cha pili kwa macho. Tukafungua dosie ya programu ndani ya Program Files, na juu kulikuwa na kitufe cha faili za utangamano, ambacho Windows 7 huonyesha pale tu inapokuwa imehamisha kitu. Tukabonyeza, tukafika VirtualStore. Faili lile lile, jina lile lile, tarehe ya mwisho tofauti.

Leki akataka kunakili mara moja, alibebe lake alipige juu ya langu. Nikamshika mkono. Angefanya vile, kazi yangu ya miezi yote ingefutika, na tungebadilisha sifuri moja kwa nyingine. Tukatoa flashi, tukanakili mafaili yote mawili, kila moja kwenye dosie yake yenye jina wazi. Ndipo tukafungua kwa mlango wake, tukatoa mstari wa Papa peke yake, tukafunga, tukafungua kwa mlango wangu, tukauingiza. Umeme ulikatika mara moja katikati. Tukakaa gizani tukingoja, hakuna aliyesema kitu.

Usiku ule ripoti ilitoka na mistari miwili. Papa: usiku 40.

Yeye alisema 41. Tukarudi kwenye kadaftari, tukahesabu tena tarehe. Usiku mmoja ulikuwa wa mvua kubwa; mitego iliwekwa, ila fomu ililowa ikawa uji, wala haikuandikwa nyingine. Leki mwenyewe alikumbuka kuipokea na kuitupa. Basi mashini ilikuwa na 40, porini zilikuwa 41. Nilimwambia mkubwa wa ofisi tulipe 41, kwa kadaftari. Alinung'unika kidogo, akalipa.

Lakini kabla ya malipo nilifanya jambo ambalo lilinichoma kuliko yote. Nilisimama mbele ya watu wale wale waliosikia neno langu "hakuna", nikawaeleza kwamba data zilikuwepo siku zote, kwamba leki hakudanganya, na kwamba alama iliyotenganisha vitabu niliiweka mimi. Mmoja akauliza, "Sasa ni kosa la nani, yako ao ya mashini?" Nikajibu kwamba mashini ilifanya ilivyoambiwa. Programu ilikuwa ya zamani, sheria ilikuwa mpya, na mimi nilitibu ugonjwa wa kutoa ripoti kwa dawa ya nguvu, bila kuuliza unaumwa nini. Na kosa kubwa zaidi halikuwa la kompyuta kabisa: kijana alisema "iko ndani", na hakuna aliyemwambia, kaa hapa utuonyeshe. Ingechukua dakika mbili.

Papa alipopokea pesa zake nilijaribu kumweleza. Alisikiliza vizuri, akacheka. "Mu pori yetu," akasema, "njia zinaweza kuwa mbili, lakini kambi ni moja. Kumbe nyinyi njia mbili, kambi mbili, na kila mutu analala peke yake."

Ndiyo hivyo hasa. Na ndipo niliporudi kwenye mfano wa kadi za wakati wa Wabelgiji. Alama niliyoiweka ilikuwa kama karatasi mfukoni: programu ile ile, ikipita na karatasi inafika mahali hapa, ikipita bila karatasi inafika mahali pengine. Ila karatasi ile ya zamani ilitengenezwa makusudi ili kutenganisha watu. Hii yangu niliibandika kwa haraka, bila kujua inatenganisha.

Sasa, ndugu zangu, wengi wenu mko kwenye ofisi, hospitali, shule, na mnatumia programu za zamani kwenye mashini mpya. Yakiwapata haya, fanyeni hivi.

Kwanza, data zikipotea ghafla kwa mtu mmoja na zikabaki kwa mwingine, msifute, msipakie upya programu, na msimlaumu mtu. Kila mmoja aketi afungue kwa njia yake ya kila siku, wengine waangalie. Skrini inayouliza ruhusa kwa mmoja na isiyouliza kwa mwingine ni dalili ya kwanza.

Pili, angalieni njia zote za mkato: ya skrini ya mbele, ya menyu, ya mstari wa chini. Kila moja ina sifa zake. Mkitaka hali iwe moja kwa njia zote, alama inawekwa kwenye programu yenyewe, sehemu ya utangamano, si kwenye njia ya mkato. Na kama mnatumia akaunti tofauti, kumbukeni kila akaunti ina VirtualStore yake.

Tatu, kabla ya kuunganisha chochote, nakilini mafaili yote mawili kwenye flashi.

Nne, na hii ndiyo dawa yenyewe: programu inayolilia haki za msimamizi, muulize inazitaka kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu tu inaandika mahali pasipotakiwa. Yetu ilikuwa na sehemu ya kuchagua dosie ya data, hatukuwahi kuitazama. Tuliihamisha data kwenye dosie ya kawaida nje ya Program Files, tukaondoa alama yangu, na ripoti ikatoka bila giza wala swali. Msizoee kubonyeza "ndiyo" kila siku kwa programu ya kuhesabia panya. Siku nyingine itakayouliza haitakuwa programu ya panya, na kidole kitakuwa kimezoea.

Leki yule leo anafundisha, na wanafunzi wake wanasema ana tabia moja: mwanafunzi akisema "nilifanya", anamwambia kwanza, "kaa, nionyeshe." Mimi najua ilikotoka.

Papa hatunaye tena. Kadaftari kake alinipa siku ile ya malipo, akasema yeye atanunua kengine. Ninako mpaka leo, mistari 41, ndani ya nailoni ile ile.